Nazi nitakunia wapi?

Jumapili usiku. Jiko halina sinki, vyombo tunaoshea bafuni, na kigae kimoja cha sampuli kimekaa katikati ya sebule kama mgeni asiyejua aage saa ngapi.

Nilipoanza kukarabati jiko nilidhani kazi itakuwa kubomoa. Kubomoa kumechukua siku moja na nusu. Kuchagua ndiko kumenimaliza. Nimezunguka maduka ya Gerezani, Kariakoo, mpaka vijana wananiita dada wa marumaru. Na hilo neno nalo! Kwetu kila kigae ni marumaru, hata cha udongo uliochomwa. Siku nilipouliza jiwe lenyewe la marumaru nikajibiwa: "Ya ukutani au ya chini, dada?"

Nilikuwa nimeshapenda vigae vya sakafu. Sentimita 60 kwa 60, vyeupe, vyenye mishipa ya kijivu, vinang'aa hadi unajiona meno. Katoni ina vigae vinne, yaani mita za mraba 1.44. Jiko langu ni mita 3 kwa 4, kwa hiyo fundi akapiga hesabu ya katoni tisa na moja ya akiba, zote za bechi moja. Bechi sibishani tena. Bafuni niliongezewa katoni mbili za bechi nyingine, na mpaka leo mstari unaonekana pale rangi inapobadilika.

Nikanunua kimoja, nikaja nacho nyumbani nikione kwa mwanga wa kwangu.

Mama, aliyekuja kutoka Tanga, hakusema kizuri wala kibaya. Alikilaza sakafuni, akamwagia maji kidogo kama yanayomwagika jikoni siku zote, akasimamisha mbuzi juu yake, akakaa, akaanza kukuna nazi. Hakufika mbali. Miguu ya mbuzi iliteleza, kifuu kikamponyoka kikabingirika hadi mlangoni. Nilimshika bega. Alikuwa anacheka, mimi sikuweza.

"Sasa mwanangu, nazi nitakunia wapi?"

Nimekaa na swali hilo siku nzima. Nilichora jiko la watu wanaosimama: meza ya kazi sentimita 90 kutoka chini, makabati ukuta hadi ukuta. Katika mchoro wangu hakuna aliyekaa. Nikiwa peke yangu natumia blenda, ni kweli, lakini Mama yupo hapa nusu ya mwaka, na wali tunaousifu ni wa kwake.

Basi sakafuni naweka vigae visivyong'aa, vyenye ukwaruzo kidogo. Vitashika uchafu zaidi, najua, na Jumamosi nitavisugua nikinung'unika. Grauti, ule udongo wa kujazia kati ya vigae, iwe ya kijivu. Nyeupe na manjano ya mchuzi haviwezi kukaa nyumba moja.

Jiwe la meza halikunipa shida. Fundi aliniletea vipande viwili, marumaru halisi na graniti nyeusi, akakamulia ndimu juu ya vyote, tukaviacha usiku kucha. Asubuhi graniti ilikuwa vilevile. Marumaru ilikuwa na doa lililofifia, halitoki kwa kitambaa, maana jiwe lile ni jamii ya chokaa na ndimu inalila. Kwangu samaki ni kila wiki.

Koki nimeichagua kwa uzito. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi, na koki nyepesi zenye mng'ao huanza kutoka vipele baada ya muda mfupi. Ya shaba ukiipima kiganjani unaijua. Na shingo iwe ndefu: nilibeba sufuria yangu kubwa ya pilau hadi dukani nikaiweka chini ya kila koki, watu wakatazama, yule mwuzaji akauliza kama nimekuja na ubwabwa.

Makabati nayo yataishia sentimita 80 kabla ya mlango wa uani, pale upepo unapoingia. Nimeshachora mstari wa chaki. Fundi atauliza, maana amezoea kujaza kila pembe.

Kigae cha sampuli dukani hawakipokei tena, kimeshalowa. Nilipotoka kuoga sasa hivi nimemkuta Mama amekifuta, amekinyunyizia unga, anasukumia chapati za kesho. Anasema hakigandi hata kidogo.