Haidroidi wa Tanga: kumtambua, kumtunza na kumweka kwenye ramani

Vile vishada vyenye umbo la unyoya vinavyoota chini ya miamba ya Tanga, ambavyo mchokoaji pweza huvikwepa kwa sababu vinawasha, si mwani. Ni wanyama wanaoitwa haidroidi. Kila unyoya ni koloni la polipi wengi, kila mmoja na mdomo wake na minyiri yake, na wote wanashirikiana chakula kupitia mfereji mmoja unaopita ndani ya shina. Ndugu zao ni konyeza na matumbawe. Zamani wataalamu wengi wa Ulaya waliwahesabu kuwa mimea, hadi John Ellis alipotetea kwa uchunguzi wake wa mwaka 1755 kwamba ni wanyama.

Nawaandikia wanafunzi na wapiga mbizi wa hapa kwetu wanaotaka kurekodi spishi hizi vizuri. Ramani nyingi za haidroidi zina alama zisizoaminika, na sababu yake karibu kila mara ni sampuli mbovu: kipande kisicho na viungo vya uzazi, kilichokauka, kikapewa jina kwa kutazamwa kwa macho tu.

Tuanze na mpangilio. Faila ni Cnidaria, ngeli ni Hydrozoa, yenye spishi zaidi ya 3,500 zilizopewa majina. Haidroidi utakaowakuta mwambani ni wa oda mbili. Leptothecata wana kikombe kigumu cha kaitini, dutu kama ya ganda la kamba, ambamo polipi hujificha. Anthoathecata hawana kikombe. Kaitini ya shina huishia shingoni na polipi hubaki wazi. Tumbawe moto, Millepora, nalo limo katika Anthoathecata ingawa linajenga chokaa kama tumbawe la kawaida.

Kwa hiyo swali la kwanza chini ya lenzi ni moja: kikombe kipo au hakipo? Kama hakipo, tazama minyiri. Pennaria disticha ana shina jeusi au la kahawia, matawi yanayopishana kushoto na kulia, na polipi mwenye minyiri ya aina mbili: ile ya juu, karibu na mdomo, ina vifundo nchani, na ile ya chini ni mirefu kama nyuzi. Eudendrium ana duara moja tu la minyiri ya uzi, na mdomo wake umepanuka kama tarumbeta. Hawa wawili huchanganywa mno, ilhali dakika moja ya hadubini inatosha kuwatenganisha.

Kama kikombe kipo, angalia kimekaaje. Kikombe cha umbo la kengele juu ya kikonyo chenye pete ni cha familia ya Campanulariidae au jamaa zao wa karibu kama Clytia na Obelia. Kikombe kifupi mno kama kisahani, ambacho polipi haenei ndani yake, ni cha Haleciidae. Vikombe visivyo na kikonyo, vimeshikamana na shina pande zote mbili na vina vifuniko mdomoni, ni vya kundi la Sertularia: Dynamena wana vikombe vilivyokaa jozijozi, vikielekeana, na Sertularella wana vikombe vinavyopishana, vyenye meno manne na kifuniko cha vipande vinne.

Kundi tajiri zaidi katika bahari ya joto kama yetu ni la manyoya. Hapa vikombe vimepangwa upande mmoja tu wa kitawi, na kando yake kuna vifuko vidogo vya ulinzi vilivyojaa seli za kuwasha. Katika Aglaopheniidae kila kikombe kina vifuko vitatu visivyocheza, kimoja mbele na viwili ubavuni. Katika Plumulariidae vifuko ni vyembamba chini na kwa kawaida huweza kuyumba. Macrorhynchia philippina, yule wa matawi meupe juu ya shina la giza anayeunguza ngozi, ni wa Aglaopheniidae. Aglaophenia cupressina pia, naye ana mwani mdogo sana ndani ya tishu zake, kama matumbawe.

Mtego mmoja ni majina. Kwa muda mrefu waliochunguza polipi na waliochunguza konyeza wadogo wanaozaliwa na polipi hao walikuwa na mifumo miwili, hivyo mnyama mmoja aliweza kubeba majina mawili. Tena jenasi nyingine zimebadilishwa jina tu: ukitafuta rekodi za zamani za Pennaria tafuta pia Halocordyle. Za Macrorhynchia philippina zimo chini ya Lytocarpus. Usipofanya hivyo utadhani spishi imeingia juzi, kumbe imerekodiwa miaka mingi.

Sasa mtawanyiko. Haidroidi wa pwani yetu naona wanaangukia mafungu mawili makubwa. La kwanza ni wanaozunguka tropiki zote, mfano Pennaria disticha na Macrorhynchia philippina. La pili ni wa Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki, mfano Aglaophenia cupressina, Macrorhynchia phoenicea na Thyroscyphus fruticosus. Ukienda kusini, maji yakipoa kuelekea Rasi ya Tumaini Jema, spishi hubadilika na wale wasiopatikana kwingine huongezeka. Naomi Millard alieleza haidroidi wa kusini mwa Afrika kwa kina mwaka 1975, na kazi yake bado inafaa kutumiwa hapa, mradi ukumbuke kuwa maji yake mengi si maji yetu.

Wanasafirije? Spishi nyingi za manyoya hazitoi konyeza kabisa. Lava wao, yaani watoto wachanga, huogelea muda mfupi kisha hutua. Kwa hiyo safari ndefu hufanywa na koloni zima likiwa limeshika kitu: jani la nyasi bahari lililong'oka, gogo, boya, tumbo la meli. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki hupita kwetu ukielekea kaskazini mwaka mzima, ukiongezeka kasi wakati wa kusi na kupungua wakati wa kaskazi. Bandari nayo ina mchango wake, ndiyo maana nguzo za gati na maboya hukaguliwa peke yake, si kuchanganywa na rekodi za mwamba. Na hapa tahadhari: spishi inayosemekana kuwa kila mahali mara nyingi ni mkusanyiko wa spishi zinazofanana. Vinasaba vimeonyesha kuwa jina Pennaria disticha linafunika zaidi ya ukoo mmoja.

Kazi ya ufukweni. Kwanza kibali: Yambe, Karange na sehemu kubwa ya pwani ya kusini ya Tanga zimo katika hifadhi ya bahari ya samaki silikanti iliyotangazwa mwaka 2009, na hukusanyi humo bila ruhusa ya wasimamizi wa hifadhi. Chagua bamvua, ingia majini saa mbili kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa. Tafuta chini ya vibanda vya miamba, kwenye mashina magumu ya nyasi bahari aina ya Thalassodendron ciliatum, na kwenye mizizi ya mikoko. Vaa glovu na mikono mirefu. Ukiwashwa, suuza kwa maji ya bahari, usisugue kwa mchanga wala kutumia maji ya bomba yasiyo na chumvi, kwa sababu seli ambazo hazijafyatuka zitafyatuka. Mtu akianza kushindwa kupumua, apelekwe hospitali mara moja.

Bandua koloni pamoja na mzizi wake mtambaa na kipande cha kilichoushika. Ukikata tawi tu umepoteza nusu ya taarifa. Kata sentimita chache na uliobaki uuache uendelee. Koloni moja, chupa moja, maji mengi, kivulini. Joto na upungufu wa oksijeni huwafanya Pennaria na jamaa zake kudondosha vichwa, na shina lisilo na vichwa halitambuliki.

Kabla ya kuhifadhi, walegeze, la sivyo polipi watajikunja ndani ya vikombe. Yeyusha gramu 75 za kloridi ya magnesi yenye maji sita katika lita 1 ya maji yasiyo na chumvi, changanya nusu kwa nusu na maji ya bahari, subiri nusu saa hadi saa mbili. Ukigusa mnyiri kwa sindano na usijikunje, yuko tayari. Kisha gawanya sampuli. Kipande cha vinasaba kiende moja kwa moja kwenye ethanoli ya asilimia 96, ambayo utaibadilisha baada ya siku moja. Kikigusa fomalini kimeharibika kwa kazi hiyo. Kipande cha umbo kiende kwenye fomalini, sehemu 1 ya ile ya dukani kwa sehemu 9 za maji ya bahari, kwa siku moja au mbili, mahali penye hewa. Halafu suuza, hamishia kwenye ethanoli ya asilimia 70. Millepora usimweke kwenye fomalini ambayo asidi yake haijapunguzwa kwa boraksi; asidi hiyo hula chokaa.

Hakikisha koloni lina vyombo vya uzazi. Clytia au Obelia asiye navyo mara nyingi huishia kwenye jenasi tu, na kuandika jenasi ni bora kuliko kubahatisha spishi. Kwa Eudendrium ponda polipi mbichi kwenye slaidi, tazama umbo la seli za kuwasha kwa ukuzaji wa mara 1,000, na upige picha kabla hazijafyatuka.

Lebo iwe ya karatasi nene, kwa penseli, ndani ya chupa; wino huyeyuka kwenye ethanoli na lebo ya nje hubanduka. Andika tarehe, mahali kwa GPS, kina, alichoshika, rangi alipokuwa hai, na kama alikuwa na uzazi. Kwenye daftari andika pia ulipotafuta ukakosa: nguzo uliyoikagua kuanzia usawa wa maji hadi chini bila kumwona Pennaria nayo ipewe tarehe na kina chake, ili atakayemkuta hapo baadaye ajue kwamba amefika karibuni.