Siku Moja Maishani Mwangu: Kufuata Njia ya Mpox Kutoka Kamituga

Saa mbili asubuhi, hapa Nairobi, ninapokea sampuli za vipele vya mpox, ugonjwa wa virusi vya jamii ya ndui, kutoka vituo vya mpakani na kaunti zinazopitiwa na barabara kuu. Hazina majina, bali namba, tarehe na mahali alikopitia mgonjwa, na hayo ya safari ndiyo ninayoyasoma kwanza.

Kuanzia saa tatu hadi saa saba ni kazi ya glavu na barakoa: kuua virusi, kutoa DNA yao (chembe za urithi), kisha PCR, yaani kuinakili DNA hiyo mara nyingi ili virusi vitambulike. Tunatumia kipimo maalumu, kwa kuwa aina ya virusi vya mpox tunayoifuatilia, iitwayo Ib, imepoteza kipande cha jeni ambacho kipimo cha awali cha kundi lake kilikitafuta.

Saa nane, jenomu, yaani maandishi kamili ya urithi wa virusi, zilizosomwa na mashine tangu jana zinakuwa tayari, kila moja ikiwa na herufi takriban 197,000. Virusi vya jamii ya ndui hubadilika polepole mno, lakini vikizunguka miongoni mwa binadamu, vimeng'enya vya kinga ya miili yetu viitwavyo APOBEC3 huvishambulia na kuacha alama: herufi C iliyotanguliwa na T hugeuka kuwa T. Alama hizo zilipoonekana kwa wingi katika virusi vya Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu wa Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako aina hii iligunduliwa mwaka 2023, ilibainika kwamba ugonjwa ulikuwa ukipita kutoka mtu hadi mtu. Watu wa machimboni hawatulii mahali pamoja, na kufikia Julai 2024 virusi vilikuwa vimefika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Hapa kwetu, mgonjwa wa kwanza aligunduliwa Taveta, akiwa safarini kutoka Uganda kwenda Rwanda.

Saa kumi, afisa wa afya wa kaunti ananipigia simu.

“Dada, basi huyu dereva ndiye aliyemwambukiza yule mama wa hoteli?”

Namjibu kwamba jenomu zao zinafanana kabisa, lakini virusi hivi hupata mabadiliko machache tu kwa mwaka, hivyo huenda wote wawili waliambukizwa na mtu wa tatu ambaye hatukumpima. Mti wa nasaba, yaani mchoro wa ukoo wa virusi, huunganisha sampuli tulizonazo tu. Mji usioleta sampuli hauonekani, hata kama ndiko ugonjwa ulikokaa miezi. Kwa maoni yangu, mshale uliochorwa kwenye ramani bila tahadhari hiyo huwaonea madereva.

Saa kumi na moja ninaandika ombi la sampuli kutoka zahanati za njiani ambazo hazijatuma chochote.