Idd pili, kamba ya mkonge na visu vyangu

Ukiwa Tanga na unapenda visu huhitaji maabara kujua makali yanadumu vipi, kamba ya mkonge inatosha. Wenzetu Marekani na Ulaya wanaenda dukani kununua kamba ya mkonge au ya manila ndo wakatie visu vyao waone chuma gani kinachoka kwanza, sisi tumezaliwa humohumo. Mkonge ulifika huku 1893, aliuleta Mjerumani Richard Hindorf na miche iliyopona safari ilikuwa 62 tu, angalia sasa mashamba yalivyo ukitoka mjini kuelekea Muheza. Mjomba wangu alikata majani ya mkonge ujanani kabla hajahamishiwa korona (mashine ya kuchakata majani ya mkonge kutoa nyuzi), kwa hiyo habari za kisu butu huwezi kumdanganya.

Basi ilikuwa Idd pili 2019, nimetoka Dar na mkoba wangu wa visu, nikaenda kumsalimia kwake Ngamiani. Nikamwamkia, akaitika, macho yake yakatua kwenye mkoba. "Mjomba" (na sisi huitana mjomba wote wawili), "visu vyote hivyo, ng'ombe wako wangapi?"

Nikamwelezea. Opinel namba 8 ya Ufaransa, ile ya chuma cha kaboni, kaboni kama asilimia 0.9 na kromu hakuna ya maana, kwa hiyo kutu inaipenda. Mora ya Sweden, chuma chake kinaitwa 12C27, kaboni 0.6 na kromu inafika 13 na ushee, hiyo ndo inayoizuia kutu. Halafu kipenzi changu, kisu cha kukunja cha Mchina chenye chuma cha D2, kaboni 1.5, kromu 12, kigumu kweli, hesabu za Rockwell, kile kipimo cha ugumu wa chuma, kinagonga 60 hivi wakati Mora iko 57 au karibu na hapo. Mjomba akasikiliza yote kwa adabu afu akaingia ndani akatoka na chake, kisu cha springi ya lori alichofuliwa na mhunzi zamani hizo, mpini wa mti, bapa jeusi. Akakiweka pembeni ya vyangu wala hakusema neno.

Kamba ilikuwepo uani, nene, ya kufungia mizigo. Usiku nyuma yake nilikuwa nimevinoa vyote pembe moja, vinanyoa malaika ya mkono, na cha kwake akakinoa mwenyewe palepale kwenye kinoo chake cha jiwe. Tukaweka gogo, kila kisu kinakata kamba palepale kwenye kipande kilekile cha makali, ukiona mkono unaanza kusukuma badala ya kukata unajaribu gazeti, likichanika badala ya kukatika basi hicho kimelala. Singa za mkonge, yaani nyuzi zake, zenyewe ngumu na zinabeba vumbi la mchanga, zinakula makali haraka we acha tu.

Springi ikalala ya kwanza. Mora ikafuata, Opinel ikajikokota mbele yake kidogo. D2 ikaendelea tu, wenzake wote wamekwisha yenyewe bado inapita gazeti, nikawa nacheka peke yangu. Siri yake ni ile kaboni na kromu nyingi, zinakutana humo ndani zinafanya chembe ngumu sana, na chembe hizo ndo zinazopigana na singa.

Mjomba akaichukua D2 akaigeuzageuza. Akasema sawa, kinadumu, lakini mbona tangu mwanzo ulikuwa unakisukuma hivyo? Akachukua Opinel ambayo imeshalala, akakata kamba, ikapita kwa nguvu ndogo kuliko D2 yenye makali yake yote. Hapo nikatoa kalipa mkobani, ndio natembea nayo, nikapima unene wa bapa pale nyuma tu ya makali: Opinel robo milimita, D2 inakaribia milimita nzima. Kumbe kwenye swali la kipi kinakata kwa wepesi tulikuwa tunashindanisha maumbo na siyo vyuma, chuma kinaamua makali yakae muda gani, wembamba ndo unaamua utoke jasho au usitoke. Watu wanalipa hela ndefu kwa jina la chuma lililochorwa kwenye bapa afu bapa lenyewe nene kama patasi.

Akahamia kwenye kinoo. Springi yake mikwaruzo michache tu, imerudi inanyoa. D2 akaisugua weee, jiwe linang'aa tu na kisu kinang'aa tu. "Hiki ukiwa shambani kikilala jua limekwisha," akasema. Nikamwambia ina jiwe lake, sahani ya almasi. Akaniuliza hiyo almasi iko wapi sasa hivi, na kweli ilikuwa Dar.

Mkaza mjomba hakuwa na habari na kamba zetu, kilichomkera ni singa zilizojaa uani kwake na wageni wanakuja. Alikuwa na machungwa ya Muheza ya kukata, akabeba Opinel maana ndo ilikuwa karibu, haikuchukua muda bapa limegeuka kijivu na rangi ya bluu bluu, na kipande cha kwanza akakitema, kina ladha ya chuma. Asidi ya chungwa na chuma kisicho na kromu ndo matokeo yake hayo, bapa likishazoea ladha hiyo inapungua ila siku ya kwanza huwezi kumpa mgeni. Akachukua Mora, akaosha, akamaliza sinia zima. Ile Mora ikabaki jikoni kwake, wala sikuulizwa.

D2 nilirudi nayo Dar nikaipunguza unene kwenye almasi, jioni baada ya jioni, mabega yanauma, chuma kile hakina huruma hata kidogo. Ila ilipofika karibu nusu milimita ikawa kisu kingine kabisa, na ndo ninachotembea nacho mpaka leo. Mjomba nikimsifia kwenye simu ananiuliza tu kama nimeshapata pa kukinolea.