Kwa nini msafara wa Zelewski ulivunjika Lugalo

Anayesafiri barabara kuu ya Iringa kwenda Morogoro hupita karibu kabisa na Lugalo, na kwa kawaida huambiwa tu kwamba hapo ndipo Wahehe walipowamaliza Wajerumani. Ni kweli. Ila ukitaja ujasiri peke yake, unalinyima jeshi la Wahehe haki yake. Lilikuwa jeshi lililokomaa, na lilikomaa kwa kupigana na majirani na, kwa uchungu zaidi, wenyewe kwa wenyewe.

Munyigumba aliunganisha watawala wadogo wa Uhehe kwa kuiga namna ya vita ya Wasangu na Wangoni: vikosi vyenye wakuu wake, na mkuki wa kuchoma ana kwa ana. Alipofariki, mwaka 1879 hivi, nchi ilipasuka. Mkwewe, Mwamubambe, alitaka utawala, na kijana Mkwawa, mwana wa Munyigumba, akakimbilia Ugogo. Aliporudi, Wahehe walikutana na Wahehe wenzao Ilundamatwe, na Mkwawa akashinda, akawa mtawala. Wakati huo huo vita na Wangoni vilikuwa vikiendelea. Mtu aliyepita katika tanuri hilo hakuhitaji kufundishwa namna ya kulala kimya kichakani akisubiri amri.

Sasa tazama upande wa pili. Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Kijerumani ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo, aliingia Uhehe na kampuni tatu: Wazungu 13 hivi, askari wapatao 320, wengi wao Wasudani na wale walioitwa Wazulu, na wapagazi wapatao 170. Alikuwa na bombomu na mizinga midogo. Njiani alichoma vijiji, kwa hiyo hapakuwa na Mhehe asiyejua yuko wapi.

Alfajiri ya tarehe 17 Agosti 1891 walitembea kwa mstari mmoja katika njia nyembamba, vichaka na mawe pembeni. Piga hesabu: watu 500, kila mmoja na nafasi ya mita mbili, ni kilomita nzima. Mkuu wa msafara, aliyekuwa mbele amepanda punda, hawezi kuona mkia wala amri yake haiwezi kuufikia. Hakuweka walinzi wa ubavuni wa kupekua vichaka. Hilo kwangu ndilo kosa kubwa kuliko yote, maana lingezuilika kwa watu thelathini tu.

Silaha nazo hazikuwa tayari. Bombomu zilikuwa mizigo, zimefungwa juu ya punda. Kuifungua moja, kuisimamisha na kuilisha risasi ni kazi ya dakika kadhaa, na punda akishtuka anakimbia nayo. Bunduki za askari, Mauser za mwaka 1871, zilibeba risasi moja moja: unapiga, unavuta komeo, unatoa ganda, unaingiza nyingine. Baruti yake ilitoa moshi mzito. Na zilikuwa hazijajazwa. Mtu mwenye mkuki akiwa hatua ishirini kutoka kwako, una nafasi ya risasi moja, labda mbili.

Mpangile, nduguye Mkwawa, ndiye aliyeongoza Wahehe siku hiyo, na idadi yao hukadiriwa kuwa kama 3,000. Wachache walikuwa na bunduki. Ishara ya kushambulia ilikuwa mlio wa risasi. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja wa Kijerumani alimpiga ndege, Wahehe wakadhani ndiyo ishara, wakainuka kabla mkia wa msafara haujaingia mtegoni. Ndiyo maana Luteni Tettenborn na walinzi wa nyuma walipona: walipanda kilima, wakatweka bendera, wakakusanya waliosalimika. Mbele huko mambo yalikwisha kwa takriban robo saa. Walikufa Wazungu 10 pamoja na Zelewski, askari wapatao 250 na wapagazi karibu 100. Bunduki zipatazo 300 ziliangukia mikononi mwa Wahehe.

Wajerumani walijifunza. Tarehe 30 Oktoba 1894 gavana von Schele aliipiga Kalenga, ngome ya Mkwawa, kwa mizinga kwanza, ndipo ofisa Tom von Prince na wenzake wakauvamia ukuta. Mkwawa alitoroka na kupigana vita vya msituni hadi Julai 1898, alipojiua Mlambalasi.

Bunduki na mizinga peke yake havikutosha kumfikisha huko. Prince alitumia nyufa zile zile za ndani. Merere, mtawala wa Usangu na adui wa siku nyingi, alisimama na Wajerumani. Mwishoni mwa 1896 Mpangile mwenyewe, shujaa wa Lugalo, alikubali kutawazwa na Prince kuwa mtawala badala ya nduguye. Hakumaliza hata miezi mitatu. Mapema 1897 Prince alimshuku kwamba anamsaidia Mkwawa kwa siri, akamnyonga.

Kwa hiyo ukimsimulia mwanao habari za Lugalo, mtaje Mpangile kwa jina, na mweleze na mwisho wake. Vitabu vingi vya shule humruka.