Jioni Tuliyomzuia Mwenzetu Kupanda Matatu ya Nakuru

Chama chetu cha kupiga mbizi kilikuwa kidogo, na wengi waliopata habari zake walishangaa kwamba kiko Kisumu, kwa kuwa Wakenya wamezoea kuuhusisha mchezo huo na Watamu, Diani na Kisite, kwenye matumbawe na maji maangavu ya bahari. Tulijifunzia katika bwawa la kuogelea la hoteli moja iliyoturuhusu kulitumia asubuhi kabla wageni hawajaamka, na ziwani tulikwenda mara chache tu, baada ya maandalizi ambayo mtu asiye na subira asingeyavumilia. Mimi nilikuwa katibu. Kazi yangu ilikuwa kuandika daftarini jina la kila aliyeingia majini, saa aliyoingia, kina alichofikia, saa aliyotoka na hewa iliyobaki katika mtungi wake. Daftari hilo ndilo linaloniwezesha kuyasimulia mambo ya Jumapili moja ya Februari 2023 bila kutegemea kumbukumbu peke yake.

Kiongozi wetu alikuwa mzee aliyefanya kazi ya uzamiaji pwani kwa muda mrefu, akastaafu na kurudi nyumbani Nyanza. Sote tulimwita Mwalimu, hata wale waliomzidi umri. Somo lake la kwanza kwa kila mwanachama mpya halikuhusu kuogelea wala vifaa. Lilihusu mahali tulipo. Uso wa Ziwa Viktoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapo ni kama asilimia 87 tu ya ule wa Mombasa. Majedwali ya kawaida ya wazamiaji, yanayomwonyesha mtu muda anaoweza kukaa katika kina fulani, yametungwa kwa ajili ya bahari, kwa hiyo anayeyatumia ziwani bila kuyarekebisha anajidanganya kuhusu hali ya mwili wake. Mita 18 za Ziwa Viktoria tulizihesabu kuwa mita 21 za jedwali. Mwalimu alitufanyisha hesabu hiyo kwa kalamu, ingawa baadhi yetu tulikuwa na kompyuta za kuvaa mkononi zinazojirekebisha zenyewe, kwa sababu alitaka tuelewe kinachohesabiwa. Alitusimulia pia habari za mwanasayansi John Scott Haldane, ambaye pamoja na wenzake alichapisha majedwali ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1908, baada ya kuwachunguza mbuzi waliowekwa katika chumba cha mgandamizo mkubwa na kisha kutolewa, wengine haraka, wengine polepole. Nilipenda kwamba elimu iliyolinda maisha yetu ilianzia kwa mbuzi, mnyama ambaye kila mmoja wetu alimfahamu tangu utotoni.

Wikendi ile tulikwenda ng'ambo ya Mbita, karibu na kisiwa cha Takawiri. Ghuba ya Winam yenyewe, ile ambayo Kisumu iko ukingoni mwake, haifai sana kwa mchezo huu. Ina kina kifupi, mito kama Nyando na Sondu huingiza udongo humo, na magugu maji yanapokusanywa na upepo hufunga uso wa maji kiasi cha kumzuia mzamiaji asijue atatokea wapi. Upande wa nje wa Mbita ziwa hufunguka, kina huongezeka, na siku nzuri mtu huweza kuona umbali wa mita tatu au nne, jambo ambalo kwetu lilikuwa anasa.

Kabla ya chochote kingine tulikwenda kuonana na wazee wa ufuo na viongozi wa wavuvi. Ninaamini kwamba hii ndiyo sehemu ya usalama inayodharauliwa zaidi. Bendera ya buluu na nyeupe, ambayo duniani kote huwaonya wenye vyombo kwamba kuna mtu chini ya maji, haimwambii lolote mvuvi ambaye hajawahi kuiona, na injini ya mashua inayopita juu ya kichwa cha mzamiaji haingoji maelezo. Tuliwaeleza maana ya bendera; wao wakatueleza nyavu za samaki wa mbuta zimetegwa wapi, zitavutwa saa ngapi, na ni upande gani ambako viboko hutoka kwenye matete kwenda kulisha. Mzee mmoja alituonya kuhusu nyavu zilizopotea, zile ambazo kamba zake zilikatika na sasa zinatangatanga chini bila mwenyewe, kwa kuwa uzi wake ni mwembamba na hauonekani hadi umekwisha kumzunguka mtu mguu. Kwa sababu hiyo kila mmoja wetu alibeba kisu kifupi mahali ambapo mkono wowote ungekifikia. Tulikubaliana pia kutoingilia majini penye matete, kwa kuwa konokono wanaobeba kichocho hupenda maji yaliyotulia ya ukingoni.

Jumamosi tulipiga mbizi fupi ya kuzoea maji. Jumapili asubuhi tukashuka hadi mita 18, wawili wawili, tukifuata kamba iliyofungwa kwenye boya. Mwenzi wangu alikuwa kijana kutoka Nakuru, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja huko, mtu mwangalifu ambaye sikuwahi kumwona akifanya jambo kwa papara. Tulikaguana kama ilivyo kawaida: jaketi la kuelea linajaa na kutoa hewa, mkanda wa vipande vya madini ya risasi, unaomsaidia mtu kuzama, unafunguka kwa mvuto mmoja wa mkono wa kulia, mtungi umefunguliwa hadi mwisho, geji ya mgandamizo wa hewa mtungini inasoma 200 kwa kipimo cha bara, na kipumulio cha akiba kinatoa hewa safi. Chini kulikuwa na miamba iliyofunikwa na tope laini, na samaki wadogo waliosimama mbele ya tochi zetu bila woga. Tulikaa dakika 25 kwa jumla. Tulipanda kwa mwendo usiozidi mita tisa kwa dakika, tukipumua mfululizo bila kuzuia pumzi, tukasimama mita tano chini ya uso wa maji kwa dakika tatu tukiishika kamba, kisha tukatoka. Ilikuwa saa nne kasoro dakika chache. Mitungi yetu yote miwili ilikuwa na zaidi ya bara 70. Niliyaandika hayo daftarini mikono yangu ikiwa bado imekunjamana kwa maji.

Tulivuka kwa feri ya mchana kutoka Mbita hadi Luanda Kotieno, tukafika Kisumu kama saa kumi. Mwalimu alikuwa ameichagua njia hiyo kwa makusudi, kwa kuwa haina mwinuko mkubwa, lakini hakuna aliyemuuliza sababu. Tulipokuwa tukishusha mitungi, kijana wa Nakuru alituaga. Alitakiwa kazini Jumatatu saa mbili asubuhi, na alitaka kupanda matatu ya saa kumi na moja jioni.

Mwalimu aliiweka chini mitungi aliyokuwa ameishika, akamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba hataondoka siku hiyo.

Kijana alidhani ni mzaha. Alipotambua kwamba si mzaha, aliinua mkono wake na kuonyesha kompyuta yake, ambayo kiooni ilikuwa na alama ndogo ya ndege iliyopigwa mstari. "Mwalimu, nimeiona alama hii," akasema. "Lakini mimi sipandi ndege. Ninapanda matatu."

"Na matatu yako inapita wapi, kijana wangu?"

"Awasi, Kericho, Londiani, Mau Summit."

"Mau Summit iko juu kiasi gani?"

Hakujibu. Mwalimu akajibu mwenyewe: zaidi ya mita 2,400. Ndege ya abiria, akaeleza, hata ikiruka juu ya mita 10,000, ndani yake hujazwa hewa ili abiria wajihisi kama walio katika mwinuko usiozidi mita 2,400 hivi. Kwa hiyo mtu anayevuka Mau kwa matatu anafika mahali ambapo hewa ni nyepesi sawa na ya ndani ya ndege, au nyepesi zaidi. "Mwili wako haujui kama umekaa kwenye kiti cha ndege au cha matatu. Unachojua ni kwamba hewa inayokuzunguka imepungua."

Tulikuwa tumemsindikiza hadi steji tukiendelea kujadiliana, na makanga alikuwa ameanza kutuhimiza. Mchuuzi mmoja alipita na pakiti za krispi. Mwalimu alinunua moja, akampa kijana, akamwambia aibonyeze. Ilikuwa laini kidogo. Kisha akamuuliza kama amewahi kubeba pakiti ya namna hiyo kutoka Kisumu na kuitazama alipofika Mau. Nilikuwa nimewahi kuiona hali hiyo mimi mwenyewe, na nina hakika wote waliosafiri njia ile wameiona: pakiti hufura ikakaza kama ngoma, kwa sababu hewa iliyofungiwa ndani hupanuka mgandamizo wa nje unapopungua. Mwalimu hakuwa na haja ya kuendelea, lakini aliendelea. Hewa tunayovuta ina nitrojeni kiasi cha asilimia 78. Chini ya maji tunaivuta ikiwa imegandamizwa, na sehemu yake huyeyuka katika damu, mafuta na viungo vya mwili. Mtu akitoka majini, nitrojeni hiyo hutoka polepole kupitia mapafu, kwa saa nyingi, bila yeye kuhisi chochote. Akipanda mlima kabla haijaisha, inaweza kujitenga na kuwa viputo katika maungio, katika uti wa mgongo, hata katika ubongo. Maumivu ya bega au ganzi ya miguu ingeweza kumwanza akiwa Londiani usiku, ndani ya gari ambamo hakuna hata mmoja anayeujua ugonjwa huo. Chumba cha mgandamizo cha kumtibia, tulichokijua sisi, kilikuwa Mombasa, na kutoka nyanda za juu za magharibi huwezi kufika huko kwa gari bila kuvuka milima, wala kwa ndege ya kawaida bila kupandishwa tena.

Kijana alisikiliza yote. Kisha akasema jambo ambalo lilitunyamazisha: kwamba akikosa kazi Jumatatu atakatwa mshahara wa siku, na kwamba msimamizi wake si mtu wa kuelezwa habari za nitrojeni. Hakuwa akibisha kuhusu elimu. Alikuwa akieleza maisha yake. Nimesoma maelekezo mengi ya usalama wa wazamiaji, na mengi yake huandikwa kana kwamba kila anayetoka majini ana hoteli ya kulala na ruhusa ya kutokwenda kazini. Kwetu, usiku mmoja wa ziada ulikuwa na bei, na ilibidi mtu ailipe.

Tuliilipa pamoja. Mweka hazina alitoa fedha kutoka mfuko wa chama, na zilipopungua tukachanga palepale steji, kila mmoja alichokuwa nacho, hadi tukatosheleza malazi na ujira wa siku ile. Mwalimu alimwomba namba ya msimamizi, akampigia, akazungumza naye kwa heshima kubwa, akimwita ndugu na kumwambia kwamba kijana wake yuko chini ya uangalizi baada ya kazi ya majini na kwamba hataruhusiwa kusafiri hadi kesho. Sikusikia jibu la upande wa pili, ila nilimwona Mwalimu akishukuru mara kadhaa kabla ya kukata simu. Makanga aliuza kile kiti kwa mama mmoja mwenye mzigo wa omena, na matatu ikaondoka.

Jioni ile tulikula kwenye ufuo wa Dunga, samaki wa ngege wa kukaanga kwa ugali. Mwalimu alimtazama kijana zaidi ya alivyokitazama chakula: alimwambia ainue mikono, afumbe macho na kusimama kwa mguu mmoja, akamuuliza kama anahisi uchovu usio wa kawaida au mwasho wa ngozi. Mtungi wetu mdogo wa oksijeni uliwekwa karibu na kitanda chake usiku kucha na haukufunguliwa. Hakuumwa na kitu. Jumatatu saa nne asubuhi, saa 24 tangu alipotoka majini, alipanda gari, na alasiri akatutumia ujumbe kwamba amefika Nakuru salama. Wapo waliosema baadaye kwamba kwa kuwa hakuumwa, huenda angefika salama vilevile Jumapili usiku. Huenda ni kweli. Wengi huvuka milima mapema kuliko inavyoshauriwa na hawapatwi na lolote, nami sijaona bado kwa nini mwenzetu aliyepumua pamoja nami chini ya kamba moja awe ndiye wa kujaribiwa.

Katika mkutano uliofuata tulibadilisha ratiba. Mbizi ya kina ikawa ya Jumamosi asubuhi, na Jumapili ikawa ya kuosha vifaa kwa maji safi, kukagua mipira ya vipumulio na kufanya mazoezi ya uokoaji juu ya maji. Daftari likapata safu mpya, ya saa ya kuanza safari na barabara ambayo mzamiaji atapita. Wanachama wa Eldoret, mji ulio juu ya mita 2,000, walipinga, kwa kuwa walikuja kutoka mbali na sasa walipoteza nusu ya wikendi waliyoigharimia. Hoja yao ilikuwa nzito na tuliijadili hadi giza likaingia. Kanuni ilipita kwa kura. Mmoja wao hakurudi tena chamani, jambo lililonisikitisha kwa sababu alikuwa mzamiaji makini kuliko wengi wetu, lakini hatukuilegeza.