Kituo cha Victoria, Mbali na Ziwa

Ninaandika haya nikiwa Mabatini, jijini Mwanza, kwenye benchi la duka la baba yangu mdogo, katika wiki ya pili ya likizo yangu. Kwenye ukuta wa duka hilo, karibu na mlango, pana alama nyekundu ya X iliyochorwa miaka kadhaa iliyopita na watu waliokuja na kamba za kupimia, wakasema kwamba upande wa mbele umeingia katika hifadhi ya barabara, kisha wakaenda zao. Hakuna aliyerudi kubomoa, wala hakuna aliyerudi kuifuta alama hiyo. Baba mdogo anaendelea kuuza misumari, vitasa na rangi kando yake, lakini tangu siku hiyo hajaongeza rafu hata moja, kwa kuwa hajui kama anaijenga biashara au analinda tofali za kubomolewa.

Juzi alikuwa akitazama picha nilizompigia mtaani kwangu, katika mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota, Marekani, zinazoonyesha treni ya umeme ikipita katikati ya barabara, magari yakiwa kulia na kushoto kwake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwanangu, wenye maduka ya barabara hii waliambiwaje?" Watu wengi wameniuliza kuhusu treni hiyo, lakini wao huuliza kasi na nauli. Swali la baba mdogo lilikuwa zito kuliko hayo yote, na jibu nililompa lilikuwa fupi mno. Nalirefusha hapa.

Nilifika Minnesota mwaka 2008, nikapata kazi ya zamu katika nyumba ya kutunzia wazee, na chumba cha kupanga karibu na University Avenue, barabara ndefu inayounganisha katikati ya St. Paul na katikati ya Minneapolis. Wakati huo mgogoro wa reli ya treni hiyo, iliyopangwa kupita katika barabara hiyo, ulikuwa umepamba moto. Mwezi Aprili mwaka huohuo Gavana Tim Pawlenty alikuwa ametumia kura ya turufu kufuta dola milioni 70 zilizotengwa na Bunge la jimbo kwa ajili ya reli hiyo, na fedha hizo zikarudishwa mwezi uliofuata baada ya makubaliano mengine ya bajeti. Mimi niliyetoka nchi ambako reli ni jambo la serikali kuu, nilishangaa kuona kwamba hakuna mtu mmoja mwenye reli ile. Mjenzi alikuwa Metropolitan Council, baraza la wajumbe 17 wanaoteuliwa na gavana; kaunti zilichangia fedha; miji miwili ilikuwa na sauti katika mitaa yake; na serikali ya shirikisho ndiyo iliyotoa nusu ya gharama, kwa masharti yake.

Masharti hayo ndiyo yaliyokaribia kuninyima kituo. Washington walikuwa na kanuni ya kupima kama reli inastahili fedha: gharama ya mradi iligawanywa kwa muda ambao abiria wangeokoa. Kila kituo kilichoongezwa kiliongeza gharama na kuipunguzia treni kasi, kwa hiyo kila kituo kiliushusha mradi katika kipimo hicho. Wapangaji walipokaza hesabu, vituo vitatu vilitoka: Hamline, Victoria na Western. Vyote vitatu viko katika sehemu ya mashariki ya University Avenue, mahali wanapoishi Wamarekani Weusi, Wahmong, Wavietnamu na wahamiaji wa Afrika, watu ambao wengi wao hawana magari. Kwingineko vituo vilikaribiana; kwetu vingeachana kwa maili nzima, yaani kilomita moja na nusu na zaidi kidogo, na wakati huohuo mabasi ya njia ya 16, yaliyosimama karibu kila kona, yangepunguzwa kwa kuwa treni imekuja.

Mtu wa Mwanza anaweza kusema kwamba kutembea nusu maili hadi kituoni si kitu. Hapa nyumbani si kitu. Kule mwezi Januari nimesubiri basi katika baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, na nimemwona mama mwenye mtoto mgongoni akigeuka kurudi nyumbani kwa sababu njia ya miguu ilikuwa barafu tupu. Umbali hupimwa kwa mguu wa anayetembea, na kanuni ile haikuwa na mahali pa kuuandika mguu huo.

Mikutano ilifanyika katika kumbi za makanisa na za jamii. Nilihudhuria mmojawapo baada ya zamu ya usiku, nikiwa bado na sare ya kazi. Mzee mmoja Mweusi alisimama akazungumzia Rondo. Huo ulikuwa mtaa wa watu wake, hatua chache kusini ya University Avenue, uliopasuliwa katikati mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960 ili kupitisha barabara kuu ya I-94. Mamia ya familia zilihamishwa. Alieleza kwamba barabara ile iliyachukua makazi yao ili watu wa vitongoji wapite haraka, na sasa reli nayo inataka kupita mlangoni mwao bila kusimama. Sikuwahi kusikia madai ya kituo yakielezwa kwa uchungu wa namna hiyo, na nilielewa kwamba yeye hakuja kuipinga treni. Alikuja kuidai.

Jambo hili ndilo ambalo wengi hulikosea wanapousikia mgogoro wa aina hii kwa mbali. Waliolalamika hawakuwa kundi moja. Chuo Kikuu cha Minnesota, ambacho njia ilikata katikati ya eneo lake, kilifungua kesi mwaka 2009 kikihofia mtikisiko na mawimbi ya sumaku yangeharibu vipimo katika maabara zake, na baadaye pande mbili zikapatana. Wenye maduka walihofia kupoteza maegesho ya kando ya barabara, ambayo kweli yaliondolewa kwa sehemu kubwa. Jirani zangu walitaka vituo. Waliojiunga kudai vituo walishika neno moja hilo kwa miaka kadhaa, kanisani, kwenye baraza la mji na mbele ya maofisa wa shirikisho, bila kulichanganya na jingine. Mwezi Januari mwaka 2010 Waziri wa Uchukuzi Ray LaHood alitangaza kwamba kipimo kile cha gharama kwa muda hakitakuwa tena mwamuzi peke yake, na kabla mwezi haujaisha ikatangazwa kwamba vituo vyote vitatu vitajengwa.

Kuhusu maduka, ambalo ndilo swali la baba mdogo, habari haina utamu huo. Tawi la St. Paul la NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, pamoja na wakazi na wafanyabiashara, lilikwenda mahakamani, na Januari 2011 jaji wa shirikisho alikubali kwamba tathmini ya athari haikupima ipasavyo hasara ya mapato ya biashara wakati wa ujenzi. Hata hivyo hakusimamisha ujenzi. Barabara ilichimbwa mwaka 2011 na 2012, na wenye maduka madogo walipewa mikopo ya hadi dola 20,000 ambayo ingesamehewa iwapo wangeendelea na biashara. Mama wa Kivietnamu niliyekuwa nikinunua kwake mchele na samaki wakavu alipata mkopo huo, akavumilia majira mawili ya vumbi na uzio wa rangi ya machungwa mbele ya dirisha lake, akafunga miezi michache kabla ya treni kuanza. Walimjulisha kila hatua kwa barua, kwa lugha yake. Baba mdogo alilisikiliza hili kwa makini kuliko yote niliyosema, kisha akarudia taratibu: "Kwa lugha yake."

Treni ilianza tarehe 14 Juni 2014, kilomita 18 hivi, kwa gharama ya dola milioni 957. Kituo changu kinaitwa Victoria. Mtu aliyezaliwa kwenye mwamba wa Mwanza akaliona jina hilo kwenye kibao, katikati ya theluji, hawezi kulipita kama jina la kawaida. Miaka yote hii nimeshuka pale usiku wa manane baada ya zamu, nikatembea dakika nne hadi nyumbani, na mara nyingi humkumbuka mzee wa Rondo ninapovuka barabara.

Nisifikiriwe kuwa nasema kila mgogoro wa reli huzaa kitu chema. Njia hiyohiyo sasa inarefushwa kuelekea Eden Prairie, kusini magharibi, na hapo wabishani wakubwa walikuwa na fedha na mawakili. Mzozo ulikuwa juu ya ukanda mwembamba wa Kenilworth, ambako treni za mizigo zilikuwepo tayari: St. Louis Park walikataa zihamishiwe kwao, wakazi wa kando ya maziwa ya Minneapolis walikataa zibaki pamoja na treni mpya, na suluhu ikawa kuchimba handaki fupi. Mradi uliokadiriwa kugharimu dola bilioni 1.25 umepita bilioni 2.7. Kule hesabu ilipanuliwa ili kuepusha usumbufu. Kwetu vituo vitatu vya watu maskini vilionekana kuwa ghali. Hilo bado linaniuma.

Mwanza haina reli ya namna hii ya mjini. Reli ya zamani ilifika hapa mwaka 1928, na ile ya kisasa ya kilomita 341 kutoka Isaka imemfanya kila mtu azungumzie treni. Lakini jiji letu lina umbo ambalo siku moja litalazimisha mazungumzo hayo: milima imelibana upande mmoja na ziwa upande mwingine, na watu wote hupita katika barabara tatu, ya Igoma, ya Buhongwa na ya uwanja wa ndege. Hakuna pa kuchepukia. Kama Dar es Salaam ilipata mwendokasi mwaka 2016, Mwanza nayo itakuja kupimwa, na watakaopima watakuja na kamba kama waliochora X hii.

Nilimweleza baba mdogo kwamba kule kwetu vita viliamuliwa wakati ramani bado ni rasimu, na kwamba waliofika na orodha ya mahali watu wanaposhukia walisikilizwa kuliko waliofika na hasira peke yake. Hakujibu. Alichana kipande cha katoni ya rangi, akachukua penseli anayoiweka sikioni, akaanza kuandika kuanzia mjini: Mabatini, sokoni Buzuruga, Nyakato, Igoma. Kisha alirudi juu na kuongeza, katikati ya majina mawili, mahali ambapo daladala husimama bila kibao chochote kwa sababu akina mama wauza dagaa hushukia hapo saa kumi na moja alfajiri.