Kutu ya kijani kwenye waya wa shaba wa mkuki wa kale

Mkuki huu wa Kinyamwezi, hapa Tabora, una waya wa shaba uliozungushwa kwenye mpini juu ya ukanda wa ngozi. Waya ulifanya utando wa kijani unaonata kama nta. Chanzo ni mafuta ya ngozi: asidi yake hula shaba.

Niliukwangua kwa kijiti cha mwanzi, kisha pamba yenye spiriti kidogo, mzunguko kwa mzunguko, bila kugusa ngozi. Spiriti huikausha ikapasuka. Limau na majivu, hapana kabisa: rangi ya kahawia ya miaka mingi ikitoka hairudi. Hata nta ya nyuki, fahari ya Tabora, ina asidi. Hiyo inafaa mpini wa mti tu. Shaba niliipaka nta ya parafini, tabaka jembamba. Ngozi bado inagusa waya, kwa hiyo nakagua kila miezi 3.